Sakafu Iliyokataa Vanishi

Barua ililetwa na mwanamume mwenye baiskeli, akaisukuma chini ya mlango bila kubisha. Ilisema kwa maneno machache kwamba ofisi ya nyumba ingekagua nyumba zote zilizoachwa na Wahindi upande wetu wa Mbuya, na kwamba mpangaji yeyote atakayekutwa ameharibu mali ya serikali ataondolewa, nyumba apewe mtu anayestahili. Tulipewa wiki tatu. Jina lililoandikwa juu ya barua lilikuwa la baba yetu, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo. Mama alimfuata baada ya miezi minane.

Niliisoma nimesimama katikati ya sebule, kisha nikatazama chini, nikajua tumekwisha.

Vyumba vya nyuma vya nyumba ile vilikuwa na sakafu ya saruji, ambayo haiogopi mtu. Lakini sebule na chumba cha mbele vilitandikwa mbao za mvule, ndefu, nyekundu-nyekundu, zimeshikana kiasi kwamba huwezi kupitisha hata ukucha. Mhindi aliyempangisha baba aliipenda sakafu hiyo kuliko kitu chochote. Siku alipoondoka na sanduku lake moja alimwambia mama aitunze, na mama aliitunza. Aliing'arisha kila Ijumaa asubuhi mpaka ugonjwa ulipomlaza kitandani, na mimi nikaendelea.

Kilichoiharibu ni mwaka ule uliotangulia barua. Bati moja lilitoboka juu ya sebule, na hapakuwa na bati mjini; mvua ikaingia, ikaacha madoa meusi yenye kingo nyeupe. Kisha zikaja wiki ambazo milio ya bunduki ilisikika huku kwetu hata mchana, na sikutaka wadogo zangu wakae uani. Jikoni nako kulifungukia uani, kwa hiyo nikaingiza sigiri, jiko letu la makaa, ndani, nikawa napika hapo hapo sebuleni juu ya matofali mawili. Siku moja tofali lilipasuka, sigiri ikashuka juu ya mbao. Pakabaki duara jeusi kama sinia, limeungua kwa ndani, katikati kabisa mwa chumba, mahali ambapo hata kipofu angelikanyaga.

Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi na sita na akili ya kujibu kila kitu, aliisoma barua baada yangu.

"Waandikie kwamba mwenye jina amekufa," alisema.

"Nikiwaandikia hivyo watakuja kesho."

"Basi tandika mkeka."

"Mkaguzi gani hajui kuinua mkeka?"

Aliikunja barua akanirudishia. Sote tulijua nini kingefuata tukiondolewa, kwa sababu ndugu wa baba walikuwa wameshatugawa kwa maneno siku ya arobaini ya mama. Yeye angeenda Masaka kwa baba mdogo, akasaidie dukani. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka tisa, angechukuliwa na shangazi aliyekaa Bwaise katika chumba kimoja, ambako mvua ikinyesha sana alikuwa anapandisha godoro juu ya meza. Mimi wangenitafutia mume. Niliwaambia siku ile kwamba nyumba ipo na kodi nitalipa, na nikaacha shule nikiwa kidato cha pili ili neno hilo liwe kweli. Nilishona vifungo na kupunguza nguo kuukuu kwenye kibanda cha mama mmoja pale sokoni Owino. Kodi ililipwa. Sasa ilikuwa sakafu.

Chini ya barabara yetu kulikuwa na fundi seremala, Mkenya, Mkristo, mtu mzima mwenye ndevu zilizojaa unga wa mbao. Zamani alitengeneza vitanda na makabati. Miaka ile alitengeneza zaidi majeneza, na alipoulizwa habari za kazi alikuwa anasema, "Kazi iko," kisha anatazama barabarani. Nilimwendea jioni ile ile.

"Mvule?" aliniuliza. "Unataka kukwangua mvule kwa mkono?"

"Mashine iko wapi?"

"Mashine aliondoka nayo mwenye mashine. Wewe msichana, umekula leo?"

"Nimekunywa chai."

"Ya sukari?"

"Sukari ya kutoka wapi, mzee?"

"Basi usianze leo."

Alinieleza vizuri, lazima nikiri hivyo. Kwanza vunja kioo cha dirisha, uchukue kipande chenye ukingo ulionyooka, ukishike kwa kitambaa, ukwangue kufuata mkondo wa ubao, usiukate kamwe. Kisha msasa wa chembe kubwa, halafu wa chembe ndogo. Futa vumbi lote. Paka vanishi nyembamba, iache siku nzima, paka tena. Mara tatu. Alisimama langoni kwetu akinionyesha kwa mikono hewani namna ya kukwangua. Nikamwambia aingie aone.

"Hapana," alisema, akarudi nyuma hatua moja. "Nyumba haina mzee."

Nilimheshimu kwa hilo. Kwetu mwanamume asiye wa ukoo haingii katika nyumba ya msichana asiye na baba, na majirani walikuwa wanatutazama kwa macho yote, wengine wakingoja tu kisa cha kumpelekea baba mdogo. Ningeweza kumwomba bibi wa nyumba ya tatu aje akae kibarazani nusu saa, fundi aingie aguse mbao zile kwa kidole chake. Nusu saa tu. Sikumwomba. Niliona fahari kwamba tunakaa kwa adabu.

Vanishi niliipata kwake. Dukani haikuwepo, na Owino walikuwa wanauza kitu kwenye chupa za soda ambacho kilinuka mafuta ya taa tangu mbali. Yeye alikuwa nayo nusu debe, ile ya majeneza. Tulikubaliana nimshonee vitambaa vya kutandika ndani, vyeupe vyenye marinda pembeni. Nilishona saba. Sikuuliza ni vya akina nani, naye hakusema, ila kimoja kilikuwa kifupi sana, na siku hiyo mkono wangu ulikuwa mzito.

Kisha nikaanza kukwangua.

Nimesikia watu wakisimulia kazi ya mikono kana kwamba inatuliza roho. Hii haikunituliza. Nilipiga magoti kila siku baada ya kurudi Owino mpaka giza lilipoingia, na Jumapili kutwa nzima. Kioo kilipoteza ukali baada ya ubao mmoja. Kilipokuwa kikali kilinikata. Nilikuwa nimefikiri utatoka unga, kama ule wa kwenye ndevu za fundi, lakini kilichotoka kilikuwa kitu kama unga wa chapati uliotiwa mafuta, kijivu, kinajikunja na kushikamana na kioo. Nilikipangusa kwenye gunia, nikakwangua tena, kikaja tena. Niliamini ni utomvu wa mvule. Mti nisiowahi kuuona ukiwa umesimama, lakini nilikuwa na hakika kabisa juu ya utomvu wake.

Mdogo wangu wa kiume alipita na vitabu vyake akanikuta nimeinama.

"Dada, leo rakaa ngapi?"

"Chukua kioo."

"Nina mtihani."

"Mtihani utaufanyia wapi ukiwa Masaka unapima chumvi?"

Akachukua kioo. Alikwangua dakika kumi kwa hasira, akikata mkondo wa ubao, akaacha mikwaruzo ambayo ilinichukua siku mbili kuiondoa. Baada ya hapo nilimwambia asome.

Msasa wa karatasi niliupata vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja, vilivyokwisha tumika. Vilijaa ule ute wa kijivu mara moja, vikawa laini kama karatasi ya daftari. Bibi wa nyumba ya tatu ndiye aliyeniambia juu ya majani ya luwawu. Ni majani ya mti unaoota kwenye nyua za watu, yanakwaruza kama ulimi wa paka, na zamani Waganda walisugulia mipini na vibuyu. Mdogo wangu wa mwisho akawa anaomba majani hayo nyumba kwa nyumba na kurudi na kikapu kimejaa. Nilisugua kwa luwawu mpaka viganja vyangu vikawa na vidoa vyekundu vinavyowasha. Majani nayo yalijaa ute. Lakini mbao zilianza kung'aa, zikawa laini mno, na doa la moto likafifia kutoka rangi ya mkaa mpaka rangi ya chai ya rangi. Kila aliyechungulia dirishani alisifu. Nikawa naona nakaribia.

Alhamisi ya wiki ya tatu nilifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nikasubiri pakauke, nikapaka vanishi. Nilianzia pembe ya dirisha nikarudi nyuma mpaka mlango wa jikoni, kama fundi alivyosema. Vanishi haikutaka kutulia. Mahali pengine ilijikusanya yenyewe kwa matone, kama maji juu ya jani la yugwa, na nikawa nairudisha kwa brashi, inakimbia tena. Mwishowe ilikubali kulala. Nilipoitazama kutoka mlangoni ilikuwa nzuri ajabu. Mvule wote uliamka, mistari yake ya dhahabu na ya damu ya mzee, mpaka mdogo wangu wa mwisho akaweka mkono mdomoni.

"Banange," alisema. "Tutaikanyaga kweli?"

Ijumaa niligusa kwa kidole. Kidole kiliganda. Nilisema ni unyevu wa mvua. Jumamosi asubuhi niligusa tena. Kiliganda vile vile, na nilipokivuta kilitoa uzi kama asali. Nzi wawili walikuwa wamekwama karibu na dirisha, mmoja bado anapiga mabawa. Ukaguzi ulikuwa Jumatatu.

Nilikimbia kwa fundi na gunia langu la kufutia, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumwonyesha. Alikuwa anapiga misumari. Nilimweleza kutokauka, na majani ya luwawu, na nzi, na namna ilivyojikusanya kwa matone. Alichukua gunia, akafinya ule ute mkavu kati ya vidole viwili, akaunusa. Kisha akaweka nyundo chini.

"Hii ni nta," alisema.

"Ni utomvu."

"Utomvu gani kwenye ubao wa miaka ishirini? Hii ni nta, dada. Nta na mafuta ya taa. Mlikuwa mnapaka nini sakafu hii?"

Nikamwambia. Mama alikuwa anakusanya vipande vya mishumaa, anaviyeyusha kwenye kopo la maziwa pamoja na mafuta ya taa, anatia rangi nyekundu kidogo. Ijumaa asubuhi anapaka, kisha sisi watoto tunafunga matambara miguuni na kuteleza kutoka ukuta mpaka ukuta mpaka sakafu ing'ae. Baada ya yeye kufa sikuruka Ijumaa hata moja. Tulipokosa mafuta ya kupikia, mishumaa ya sakafu niliitafuta.

Fundi alijifuta vidole kwenye suruali.

"Umeilisha nta miaka yote, sasa unataka inywe vanishi? Imeshiba. Na hayo majani yako yameizamisha ndani zaidi. Ulipaswa kuiosha kwa petroli kwanza, ndipo ukwangue."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikuiona."

"Hukuingia!"

"Ningeingiaje?"

Tukabaki tumesimama pale, yeye na adabu yake, mimi na yangu, na majeneza mawili mapya yamesimamishwa ukutani. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na hapakuwa na mtu wa kuielekezea. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa halikuwa uvivu. Ningekuwa mvivu, ningeziacha hizo Ijumaa zipite, vanishi ingekauka.

"Nifanye nini mpaka Jumatatu?"

"Mpaka Jumatatu hakuna. Kukwangua upya, petroli, wiki mbili. Petroli yenyewe..." Akainua mabega. Magari ya watu wakubwa yalikuwa yanalala kwenye foleni siku mbili.

Nilirudi nyumbani nikawaambia wadogo zangu kwamba sakafu haitakauka. Mdogo wangu wa kiume hakunidhihaki. Alikwenda chumbani akaanza kufunga vitabu vyake kwa kamba, taratibu, kimoja kimoja.

"Unafanya nini?"

"Nakurahisishia."

"Vifungue."

"Dada, kubali tu kwamba..."

"Nimesema vifungue. Hakuna anayekwenda Masaka kwa sababu ya nzi wawili."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mama. Sikuwa na mpango wowote nyuma ya sauti hiyo.

Jumatatu walifika saa nne asubuhi, mkaguzi mwenye mkoba wa ngozi uliochanika pembeni na askari mmoja mwenye buti. Niliwasikia nyumba ya jirani, kisha wakapanda ngazi zetu. Nilikuwa nimefungua mlango wa mbele wazi kabisa, nikasimama katikati yake. Kwenye kibaraza nilikuwa nimepanga viatu vyetu vyote, vya baba na vya mama pia, ambavyo sikuwahi kuvigawa. Kwetu hakuna aingiaye sebuleni na viatu. Mgeni haambiwi, anaviona vimepangwa, anavua vyake.

"Wapi mwenye nyumba?" mkaguzi aliuliza, akisoma karatasi.

"Ni mimi mkubwa hapa, ssebo," nilimjibu kwa heshima, kama aitwavyo bwana.

"Wewe? Hapa imeandikwa mwanaume."

"Ni baba yetu. Alikufa. Mimi ndiye ninayelipa kodi, risiti ziko hapa."

Alizitazama risiti moja moja. Askari alikuwa anatazama juu ya bega langu.

"Tunaingia kuona ndani," mkaguzi alisema.

"Karibuni. Viatu tu, ssebo."

Askari akacheka. "Sikia huyu! Anaambia serikali itoe viatu!"

"Hata masheikh wanavua hapa," nilisema. Sikusogea mlangoni. "Sikuitunza sakafu ya serikali ili ikanyagwe na tope."

Mkaguzi alinitazama, akatazama viatu vilivyopangwa. Nadhani alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Aliinama akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia. Nilikuwa nimetumaini mtu wa serikali hatakubali kuvua, kwa maana hatua moja tu ya soksi ingetosha kunasa. Alivuta kisigino nje, na hapo soksi ikaonekana. Haikuwa na kisigino kabisa, na upande wa vidole ilishikiliwa na uzi wa rangi nyingine. Miaka ile nani alikuwa na soksi nzima? Madukani hazikuwepo. Lakini alikuwa na mkoba, na tai, na askari nyuma yake. Alisita kidogo. Kisha akarudisha kisigino ndani, akafunga kamba polepole.

"Hapana haja," alisema. "Naona kutoka hapa."

Nikasogea pembeni kidogo, aone. Jua la saa nne lilikuwa limeingia kwa dirisha la mashariki, likapiga juu ya vanishi mbichi, na chumba kizima kikawaka. Doa la moto halikuonekana, wala madoa ya mvua. Palikuwa na mvule tu.

"Iko kama kioo," askari alisema. Alisogeza ncha ya buti yake juu ya kizingiti, akagusa ubao wa kwanza, akainua. Nilisikia sauti ndogo ya kubanduka. Akanitazama. "Iko mbichi hii."

"Nimemaliza kupaka jana," nilisema. Ilikuwa siku ya nne.

Aliifuta buti kwenye gunia la mlangoni. Mkaguzi alikuwa ameshaanza kuandika.

"Fundi nani?"

"Mimi."

"Usinidanganye, nyabo. Fundi nani?"

Nikamwonyesha viganja vyangu, na mikato ya kioo, na vidoa vya luwawu. Alikata jina la baba kwa mstari mmoja wa kalamu, akauliza langu, akaliandika juu yake, akapiga muhuri akitumia ukuta wetu kama meza. Nilikuwa nimeomba jambo hilo kwa mwaka mmoja na nusu, na lilipotokea nilitaka kumwambia asikate, aandike pembeni tu.

Walipoondoka wadogo zangu walitoka jikoni kwa mlango wa uani, wakazunguka mpaka kibarazani wakipiga kelele. Mdogo wangu wa kiume aliishika ile karatasi kwa mikono miwili akasoma jina langu kwa sauti, mara mbili, kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Umeshinda, Dada," alisema. Nilimwambia nyamaza. Nilijua ningepaswa kushukuru, na baadaye nilishukuru, lakini saa ile nilichoona ni chumba ambacho nilikuwa nimekifanyia kazi wiki tatu kwa magoti na bado hakiwezi kukanyagwa, kazi mbovu iliyopigwa muhuri kuwa nzuri.

Petroli niliipata baada ya miezi minne, kidogo kidogo, kwa chupa. Mpaka hapo sote watatu tulikula, tukashona, tukasoma na kugombana jikoni, ambako palikuwa padogo kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyepelekwa Masaka wala Bwaise.